Ndoo Nyekundu ya Hatua ya Saba

Ijumaa ile ripoti iliisifu ndoo.

Haikumsifu mtu, iliisifu ndoo. Ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, iliyoning'inia ukutani nyuma ya hatua ya saba tangu kiwanda cha chai cha Itondwe kilipojengwa, na mchanga wake ulishaota hata mche wa nyanya. Maneno yalipita ukutani kwa herufi kubwa, wafanyakazi wote wamesimama na vikombe vyao vya asubuhi: "Kitu hiki kimetazamwa sekunde arobaini na moja katika kila mzunguko, msimu mzima. Mchango wake katika uzalishaji ni mkubwa. Sababu haijajulikana. Pendekezo: iongezwe ndoo ya pili."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Basi na mimi nipakeni rangi nyekundu mnitundike," alisema Bupe, mwokota vijiti wa hatua ya nane. "Labda nitapanda cheo."

Meneja Ndimbo hakucheka. Alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwaka wake wa pili pale, na jambo alilokuwa na hakika nalo ni kwamba ripoti haichekwi. "Ndoo itaongezwa," akasema, akaandika.

Kisha ukapita mstari mwekundu.

"Hatua ya saba, kuokota vijiti. Mfanyakazi mmoja. Mchango haujaonekana. Pendekezo: iondolewe."

Kicheko kikakatika. Mzee wa hatua ya saba alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia yake ya pama kichwani, kikombe mkononi, lakini watu hawakugeuka kumtazama yeye. Walimtazama Tupokigwe. Naye Tupokigwe alikuwa ametumbukiza macho ndani ya chai yake kama mtu aliyedondosha pete humo.

Maana macho ya ripoti yalikuwa ni yake. Na mzee wa hatua ya saba alikuwa baba mkwe wake.

*

Zamani kiwanda kilikuwa na kamera, kila kona kamera. Ziliona kila kitu na hazikuelewa kitu. Mtu akijikuna na mtu akizuia mkanda usikatike, kwa kamera ni mikono miwili imenyanyuka. Ndipo wenye mitambo wakaleta mboni: kioo chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachobandikwa kwenye jicho la kulia la mtu anayeijua kazi. Mboni haikupiga picha tu. Ilipima jicho lilipotua, lilikaa muda gani, lilirukia wapi. Jicho la mjuzi hukaa penye maana, ndivyo walivyosema. Halafu mtambo uitwao Mchambuzi ulikusanya mitazamo hiyo juma zima, na kila Ijumaa ukatoa ripoti: hapa kazi inakwenda, hapa inangoja, hapa inapotea.

Walijaribiwa watu sitini. Mafundi wenye vyeti walishindwa, macho yao yalirukaruka kama panzi. Aliyeshinda ni Tupokigwe, aliyeishia darasa la saba, miaka sita mchuma majani, mtu wa kutazama jambo mpaka jambo lenyewe lichoke. Wakamvua tenga mgongoni, wakampandisha kwenye daraja la chuma linalopita juu ya mikanda, wakamwambia: tembea, tazama, basi.

Na ripoti ya kwanza ilitenda jema, asije mtu akalikana. Pale getini, kwenye mzani, wachumaji walikuwa wakisubiri saa tatu na matenga yao, na Rungwe mvua haiulizi saa. Kila mtu aliamini mzani ni mbovu. Jicho la Tupokigwe lilikaa siku mbili kwenye mzani, likauacha, likahamia kwa karani aliyekuwa akiandika kila jina mara mbili, kitabu cha kwanza kwa ajili ya kiwanda, cha pili kwa ajili ya afisa aliyestaafu zamani. Kitabu cha pili kikafutwa. Saa tatu zikawa dakika ishirini. Wanawake waliokuwa wakifika nyumbani usiku, wamelowa mpaka kwenye mifupa, wakaanza kufika jua lingali juu. Mmoja alimletea Tupokigwe mkungu mzima wa ndizi, akaangusha mlangoni na kuondoka bila neno.

Ila kila alipofika juu ya hatua ya saba, Tupokigwe aligeuza bega. Hakupanga. Siku aliyoolewa na Lugano, shangazi zake walimkalisha chini wakamwambia kile ambacho wao waliambiwa: mkwe wako wa kiume humtazami, humtaji jina, ukimsikia njiani unaingia migombani mpaka apite. Vijana wengi walishaacha mambo hayo. Yeye hakuacha. Miaka minne aliishi ua mmoja na mzee yule akamjua kwa kikohozi tu, na kwa kivuli chake kikipita ukutani. Basi kiwandani pia jicho lilijigeuza lenyewe, likaenda kutua mahali pa karibu pasipo na mtu.

Likatua kwenye ndoo.

*

Jioni hiyo alikuwa akimenya viazi jikoni, na mama mkwe wake, Mama Lugano, ameketi mlangoni akichambua maharage. Uani kulisikika kikohozi, kikapita, kikaingia nyumba kubwa.

"Mama," alisema Tupokigwe. "Baba anasemaje?"

"Anasema nini tena? Mwisho wa mwezi anakaa nyumbani. Amesema atafuga kuku."

"Hakukata rufaa? Mfanyakazi akikata rufaa, hatua yake inatazamwa upya."

Mama Lugano alitupa harage bovu kwa jogoo. "Nilimwambia. Akaniuliza, nikakate rufaa niseme nini? Niseme mkwe wangu hakunitazama? Kwani alitakiwa anitazame? Alijisifu hapo, baraza zima linasikia: mkwe wangu ana adabu, hata mashine imeshuhudia."

Kisu kilimteleza Tupokigwe. Hakujikata, lakini aliweka kiazi chini.

Afadhali angetukanwa. Angejua pa kuliweka tusi. Hili la kusifiwa lilikuwa kama mtu kukushukuru kwa chakula ambacho wewe ndiye uliyekitia mchanga.

"Mama, mwambie nitaomba nimtazame upya. Mimi mwenyewe nitamwomba meneja."

Mikono ya Mama Lugano ilisimama juu ya ungo. "Acha tu, mwanangu."

"Siwezi kuacha."

"Wakati mwingine kuacha ni vizuri."

"Mwambie, mama."

Mama mkwe aliinuka kwa kujivuta, akaingia nyumba kubwa. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kwa maneno machache. Aliporudi hakumtazama Tupokigwe.

"Amesema, mikono itazamwe. Uso usitazamwe. Ataishusha kofia."

*

Meneja Ndimbo alishangaa. "Utatazama nini, wakati umeshatazama msimu mzima?"

"Taa ya pale ilikuwa hafifu, bosi."

Ulikuwa uongo, na ulimtoka laini kabisa. Ndimbo akampa zamu moja, Jumanne, asubuhi hadi saa tisa.

Asubuhi ya Jumanne Mama Lugano alimsindikiza mumewe mpaka getini, kama alivyofanya kila siku, bega kwa bega, kiwiko chake ndani ya kiwiko cha mzee. Tupokigwe aliwaacha watangulie mbali. Siku zote alidhani ni mapenzi ya uzeeni, na moyoni aliyaonea wivu, maana Lugano wake alikuwa akienda na malori ya parachichi bandarini na kurudi kwa mwezi mara moja.

Alipanda daraja la chuma. Alifika juu ya hatua ya saba. Bega lilitaka kugeuka, akalizuia kwa kushika chuma kwa mikono miwili. Ndoo zilikuwa mbili sasa, zinang'aa. Akazipita, akashusha jicho.

Kwanza aliona kofia. Halafu akaona mikono.

Ilikuwa mikono mikubwa yenye vidole virefu, navyo vilicheza juu ya chai kavu iliyokuwa ikipita kwenye mkanda taratibu. Kazi ya hatua ya saba ni kutoa vijiti na nyuzi kabla chai haijachambuliwa madaraja. Mikono ya chuma ilishajaribiwa, ikavunja jani. Vidole vya mzee vilipapasa, vikasita, vikaokota kijiti. Vikapapasa tena. Tupokigwe alivuta pumzi ya faraja. Anafanya kazi. Mashine itaona anafanya kazi, na yote yatakwisha.

Lakini jicho lake halikuwahi kujua kuacha jambo katikati.

Kwa kila kijiti kilichookotwa, vinne vilipita. Na kila vilipopita, mkono mwingine, mwembamba, wenye bangili ya shanga, ulivuka kutoka hatua ya nane ukavidaka. Ulikuwa mkono wa Bupe. Ulikuja na kurudi bila Bupe mwenyewe kugeuza kichwa, kama mama anavyompangusa mtoto kamasi huku akiendelea na mazungumzo.

Mara kikaja kipande cha plastiki kutoka kwenye tenga la mchumaji. Chekundu, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kimelala juu ya chai nyeusi. Hata mtu wa getini angekiona. Kilipita chini ya kofia. Vidole vya mzee vilikuwa shubiri moja pembeni, vinapapasa pasipo na kitu. Kikaenda. Mkono wa bangili ukakidaka.

Tupokigwe alishuka ngazi. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia. Alitembea mpaka mbele ya mkanda wa saba, akasimama hatua moja kutoka kwa mtu ambaye kwa miaka minne hakuwahi kusimama mbele yake. Akainama chini ya ukingo wa kofia, akamtazama usoni.

Mzee hakugeuka. Mzee ambaye angesikia tu ndala zake uani angempa mgongo, hapa hakugeuka. Mkanda ulikuwa unanguruma, haukumwachia sauti nyingine yoyote. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe, mtoto wa jicho ametanda mpaka kingoni kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.

"Nani hapo?" aliuliza mzee, kwa upole. "Bupe?"

Mboni katika jicho la kulia la Tupokigwe ilihesabu, sekunde kwa sekunde.

*

Wakati wa mapumziko alimkuta Bupe nyuma ya kuni za tanuri, anakula kiporo cha makande.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa juzi," alisema Bupe, bado anatafuna. "Ugonjwa ulianza upande mmoja. Usinitolee macho hivyo, shoga, yatadondoka, ni mali ya kiwanda hayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Bupe aliacha kutafuna. "Nikwambie nini? Sisi wote tulidhani unajua. Wewe si ndiye mwenye jicho? Tulikuona unageuka kila ukifika pale, tukasema, angalia mtoto wa watu, anamficha mkwewe asionekane na mashine. Tulikupenda kwa hilo. Halafu ripoti ikaja na mstari mwekundu, tukasema, kumbe amemuuza."

"Sikumuuza."

"Najua sasa. Ulikuwa huoni kweli." Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilichoma. "Watu themanini tuliona, aliyewekwa kuona ndiye hakuona. Na unalala naye ua mmoja."

"Mtoto wa jicho anatolewa, Bupe. Hospitali wanamtoa. Angekwenda tangu mwaka juzi."

"Nani angempeleka? Anaamini akisema haoni, ataondolewa. Asiposema, anaendelea kutoona. Mama Lugano kaapishwa, mimi nikaapishwa." Alifunika bakuli. "Tulikuwa tunangoja mtu asiyeapishwa amwone kwa bahati."

*

Saa tisa alikaa mbele ya kioo cha Mchambuzi, ofisini kwa meneja. Mitazamo ya zamu ilishasomwa.

"Hatua ya saba," kiliandika. "Mchango: sehemu moja kati ya tano. Pendekezo la awali limethibitishwa. Hatua iondolewe. Bonyeza kukubali."

"Umeona?" alisema Ndimbo nyuma yake, karibu kwa huruma. "Ripoti ilikuwa sahihi. Sasa na moyo wako utulie. Bonyeza tukafunge kazi."

Hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Ripoti ilikuwa sahihi. Alikuwa amegeuza shingo msimu mzima, mashine ikamhesabia ndoo, na bado jibu lilitoka lile lile. Kidole kimoja tu kilitakiwa. Wachumaji wangebaki na dakika zao ishirini. Yeye angebaki juu ya daraja la chuma. Mzee angefuga kuku asiowaona.

Chini ya kioo kulikuwa na nafasi ndogo isiyotumiwa na mtu. Iliandikwa: Chanzo cha upungufu.

"Bosi, aliyeugua akiwa kazini kiwanda si kinamtibu?"

"Kinamtibu na nafasi yake inamngoja. Hiyo ni sheria. Lakini aliyeondolewa na ripoti huyo si mgonjwa, huyo ameondolewa." Ndimbo akasita. "Mzee anaumwa?"

"Haoni."

"Tangu lini?"

"Misimu miwili."

Ndimbo alivuta kiti akaketi. Alikuwa mpole lakini hakuwa mjinga. "Dada Tupokigwe, fikiri kabla hujaandika. Misimu miwili mtu haoni, na jicho limepita juu yake msimu mzima, na halikusema. Mtambo utauliza kwa nini. Ukisema halikutazama, hicho ni kivuli. Ripoti yenye kivuli inafutwa yote. Siyo mstari mmoja, yote, na kila kitu kinarudi kilivyokuwa mpaka wapatikane watu wengine wa kujaribiwa. Mwaka, pengine miwili."

"Hata mzani?"

"Hata mzani. Kitabu cha pili kinarudi. Mimi sina uwezo, mkataba ni wao."

Tupokigwe aliijua mvua ya getini. Alijua inavyoanza kwenye kisigino na kupanda. Aliona nyuso, moja moja, kwa majina: Tumwitike na mgongo wake, Bibi Syabumi anayetembea maili nne, yule wa mkungu wa ndizi. Wao hawakumkosea mtu. Alitafuta kwao sababu ya kubonyeza, na sababu ilikuwepo, nzuri, wanawake mia mbili. Akajiuliza kama angeiona nzuri hivyo endapo isingekuwa imemkinga na yeye.

Vikamjia vile vidole, vikipapasa shubiri moja pembeni.

Aliandika polepole, kwa kidole kimoja, kama alivyoandika darasani:

"Mfanyakazi ni mgonjwa wa macho. Mtazamaji hakumtazama hata siku moja kwa sababu ni mkwe wake. Ndoo haina maana yoyote."

Akasimama kidogo, kisha akaongeza jina. Siyo lake tu. Fomu ilitaka jina la mgonjwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliliandika, huku midomo ikilitamka bila sauti: Anyosisye Mwalwanda.

Alibonyeza. Kisha akainamisha kichwa, akabandua mboni, akaiweka juu ya meza ya meneja, ikiwa bado na unyevunyevu.

*

Mvua za Aprili zilimkuta kwenye foleni, tenga mgongoni. Karani aliandika jina la kila mtu mara mbili. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Hakuna aliyemtukana. Walimwachia nafasi kidogo, mbele na nyuma, kama watu wanavyoiachia nafasi sufuria ya moto. Bibi Syabumi, nailoni kichwani, alimpita akielekea mzani, akasema bila kusimama, "Ndaga, mwanangu," neno ambalo kwao ni asante na ni pole pia. Tupokigwe alilibeba njia nzima hakujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Alifika nyumbani giza limeingia. Uani taa ilikuwa inawaka, na Mama Lugano amesimama karibu na nyumba kubwa, ameshika bandeji mkononi.

"Wameitoa leo," alisema. "Jicho la kwanza. La pili mwezi ujao."

Nyuma yake, kwenye kiti cha kamba, mzee alikuwa ameketi bila kofia. Alikuwa anatazama vitu kimoja kimoja, kama anayehakiki mzigo: taa, jogoo, ungo ukutani, mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Halafu jicho lake likafika mlangoni pa ua, kwa mwanamke aliyelowa, mwenye tenga.

Likatua. Likamjua.

Mzee aligeuza uso upande wa migomba, taratibu, kwa adabu yote, akakohoa kidogo ili mkwewe apite.

Tupokigwe alitakiwa naye ageuke. Bega lilijua njia yake, lilishaanza. Akalizuia. Alibaki pale mvua inamtiririka, akimtazama baba mkwe wake shavu, sikio, mvi zilizokuwa zimezunguka utosi, kila kitu ambacho angepaswa kukiona misimu miwili iliyopita. Alimtazama mpaka mama mkwe akainamisha macho kwa aibu, na bado hakuacha.